Kengele ya Jioni: Picha, Utoto na Historia

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Kila mmoja na akae vizuri, daftari mbele yake na kalamu mkononi, lakini asiandike bado. Kwanza tutasikiliza. Kuandika kutakuja mwishoni.

Leo tutazungumza juu ya picha. Najua baadhi yenu mtacheka. Mtasema, "Mwalimu, redio haina macho, utatuonyeshaje picha?" Ni kweli. Lakini kila mmoja wetu anayo macho mengine, nayo ni yale anayoyatumia akikumbuka nyumba aliyolelewa. Nyumba ile pengine ilianguka zamani, lakini ukifumba macho waiona: mlango, kinu kando ya ukuta, mahali baba alipotundika jembe. Kwa macho hayo tutaitazama picha ya leo.

Swali letu ni hili: Je, mambo ya utoto wa mtu wa shamba, asiye na cheo wala mali, ni historia? Au historia ni ya wafalme na vita tu? Liwekeni swali hilo moyoni. Tutalijibu mwisho wa somo.

PICHA YENYEWE

Haya, fumbeni macho. Ni jioni. Mbele yenu kuna shamba tambarare, kubwa, halina mti. Jua linakuchwa, na mbingu ina rangi ya dhahabu iliyofifia. Watu wawili wamesimama katikati ya shamba, mwanamume na mwanamke. Nguo zao ni za kazi. Mwanamume amevua kofia yake na kuishika kwa mikono miwili, naye ameinamisha kichwa. Mwanamke amekunja mikono kifuani, naye pia ameinama. Nyuso zao ziko kivulini, hatuzioni vizuri.

Kando ya mwanamume kuna uma mrefu wa kuchimbia, umechomekwa ardhini. Miguuni pao kuna kikapu chenye viazi. Nyuma ya mwanamke kuna toroli la gurudumu moja, juu yake pana magunia. Tena mbali sana, pale mbingu inapokutana na ardhi, unaonekana mnara mdogo wa kanisa.

Basi, hayo ndiyo yote. Hakuna mfalme wala farasi wa vita. Watu wawili walikuwa wakichimba viazi, wakasikia kengele, wakaacha kazi wakasali. Kengele yenyewe haiwezi kuchorwa, kwa maana sauti haina umbo. Lakini kila mtu atazamaye picha ile huisikia.

Picha hii haina ukubwa. Urefu wake kwenda juu ni sentimeta 55 na nusu tu, na upana wake sentimeta 66. Jina lake ni Angelus. Angelus ni sala ya Wakatoliki, ambayo kwa Kiswahili huitwa Malaika wa Bwana. Husaliwa mara tatu kwa siku, asubuhi, adhuhuri na jioni, na kengele ya kanisa huwaita watu. Mchoraji wake alikuwa Mfaransa, Jean-François Millet. Jina hilo la mwisho twalitamka "Mile". Alianza kuichora mwaka 1857, akaimaliza mwaka 1859. Leo imewekwa katika nyumba ya makumbusho iitwayo Musée d'Orsay, mjini Paris.

JINSI NILIVYOIONA MARA YA KWANZA

Mimi niliiona picha hii nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu. Ilikuwa ndani ya kitabu, ukurasa mmoja, rangi zake zimepauka. Mwalimu wetu alikizungusha kitabu darasani, akatuuliza, "Mnaona nini?" Mwanafunzi wa kwanza alisema, "Wazungu wawili wanasali." Wa pili alisema, "Wakulima wamechoka." Kitabu kilipofika kwangu nilikitazama, nikashindwa kusema neno. Nilimwona bibi yangu.

Nitawaeleza sababu. Mimi nililelewa na bibi katika bonde la Rufiji, mahali pa mpunga. Mpunga ukianza kuzaa, ndege huja kwa makundi, na mtu asipowafukuza hatavuna kitu. Basi tulikuwa tukihamia shambani, tukikaa juu ya dungu, kutwa tukiwinga ndege kwa kelele na kombeo. Nanyi mliokulia mahali pa mpunga mwajua kazi hiyo. Mtoto huondoka na sauti asubuhi, jioni hana.

Jua lilipokuchwa, na upepo ukiwa unatoka upande wa kijiji, tuliisikia adhana ya magharibi kwa mbali sana. Hapo bibi aliweka chini kila kitu. Hata kama alikuwa na kisu mkononi, hata kama ubwabwa ulikuwa unachemka, aliacha. Alitutaka watoto tunyamaze. Akisha kuswali, aliinua mikono akaomba dua, na katika dua ile aliwataja wafu wake, mmoja baada ya mwingine, kwa majina. Nasi tuliitikia amina, huku tumbo likiwaza chakula.

Bibi yangu alikuwa Mwislamu wa Rufiji, na wale wawili wa kwenye picha ni Wakatoliki wa Ufaransa. Hawakujuana, wala hawakuishi zama moja. Hata hivyo nilipouona uma ule umechomekwa ardhini, na vichwa vile vimeinama, nilisikia harufu ya mpunga. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojifunza kwamba mchoraji mwenyewe, alipoichora picha ile, alikuwa akimkumbuka bibi yake.

UTOTO WA MILLET

Sasa na tutazame maisha ya mtu huyu. Millet alizaliwa tarehe 4 Oktoba mwaka 1814, katika kitongoji cha Gruchy, kaskazini ya Ufaransa, katika nchi ya Normandy. Gruchy iko karibu na bahari, na mji mkubwa wa jirani ni Cherbourg. Wazazi wake walikuwa wakulima. Yeye alikuwa mtoto wa kiume wa kwanza, na tangu udogoni alifanya kazi zote za shamba: kulima, kupanda, kuvuna, kupura ngano. Mama yake alikuwa na kazi nyingi za shambani, kwa hiyo malezi ya mtoto yalikuwa sana mikononi mwa bibi yake, mama wa baba yake. Bibi huyo alikuwa mcha Mungu.

Kijana alipoonyesha kipaji cha kuchora, alipelekwa Cherbourg kujifunza. Mwaka 1835 baba yake alifariki. Millet alirudi nyumbani akiwa tayari kuacha uchoraji, ashike jembe kama mtoto mkubwa apasavyo. Ni bibi yake aliyemrudisha kwenye masomo. Mwaka 1837 mji wa Cherbourg ulimpa fedha za kumsaidia, akaenda Paris.

Paris haikumpendeza. Kwa muda wa miaka kadhaa alichora picha za kila namna ili apate chakula. Mwaka 1849 alihamia kijiji cha Barbizon, karibu na msitu wa Fontainebleau, pamoja na mkewe na watoto. Huko aliishi mpaka kufa kwake, tarehe 20 Januari mwaka 1875. Huko ndiko alikoanza kuchora kwa bidii yale aliyoyajua tangu utoto: mpandaji wa mbegu, wachungaji, wanawake wafumao, watu wachimbao viazi.

Bibi yake alifariki mwaka 1851, na mama yake mwaka 1853. Millet alikuwa mbali, hana fedha, na mama yake alikufa bila ya kumwona tena. Picha ya Angelus aliianza miaka minne baada ya kifo cha mama. Mwaka 1865 mwenyewe alieleza asili yake. Alisema kwamba alikumbuka jinsi bibi yake, walipokuwa wakifanya kazi shambani na kengele ikalia, alivyowaamuru wote waache kazi, wawaombee marehemu.

Basi tumejua sasa. Viazi vile, toroli lile na mnara ule vilitoka katika kichwa cha mtu mzima wa zaidi ya miaka 40, aliyekuwa akisikia tena kengele ya utoto wake, na sauti ya bibi aliyekuwa amekwisha zikwa.

WANAWAKE WATATU WALIOWATISHA MATAJIRI

Pengine mtu atasema, "Jambo hili ni dogo. Mtu kamkumbuka bibi yake, kachora. Kuna nini hapo?" Lakini katika siku zile lilikuwa jambo kubwa, na nitawapa mfano wa picha nyingine ya Millet.

Mwaka 1857, mwaka ule ule alioanza Angelus, alipeleka picha katika maonyesho makubwa ya Paris. Inaonyesha wanawake watatu maskini katika shamba la ngano lililokwisha vunwa. Wawili wameinama kabisa, mikono yao inagusa ardhi. Wa tatu ameinama nusu. Wanaokota masazo, yaani masuke yaliyoanguka na kusahauliwa na wavunaji. Kwa mbali, katika mwanga mzuri, mavuno ya mwenye shamba yamerundikwa kama vilima, na mnyapara amepanda farasi anasimamia kazi.

Kuokota masazo ni desturi ya kale. Waliosoma Biblia wanaijua katika habari za Ruthu. Huko Ufaransa amri ya mfalme ya mwaka 1554 iliwapa maskini haki ya kuokota baada ya mavuno. Lakini matajiri wengi wa Paris waliipokea vibaya picha ile. Walikuwa wamekwisha ona mapinduzi ya mwaka 1848, na wazee wao waliyaona yale makubwa zaidi, yaliyoanza mwaka 1789. Mwandishi mmoja wa gazeti aliandika kwamba nyuma ya wanawake wale aliona mikuki ya waasi na majukwaa ya kukatia watu vichwa ya mwaka 1793. Tazameni ajabu hiyo! Wanawake watatu wameshika masuke mkononi, na mtu aliyeshiba anaona mikuki.

Sababu ni nini? Kabla ya hapo, maskini alipochorwa mara nyingi alikuwa mtu wa kuchekesha, au alikuwa mdogo pembeni ya picha. Millet alimweka mbele, mkubwa, mwenye heshima. Alimpa mahali ambapo wengine walimweka mfalme au mtakatifu. Hakuleta bendera wala maneno ya siasa. Alikuwa amekua pamoja na watu hao, naye alijua kwamba kuinama kutwa nzima si mchezo.

Mimi pia niliokota masazo. Baada ya mavuno mama na sisi watoto tulipita katika mashamba ya wenzetu tukiokota masuke ya mpunga. Nilipokwenda shule nilificha jambo hilo. Wenzangu waliponiuliza tulifanya nini siku za likizo, nilisema uongo. Nimewaona wanafunzi wengi wa madarasa haya wakifanya kama mimi. Mtu ana umri wa miaka 50, amelima, amelea watoto, lakini ukimwambia, "Andika habari za utoto wako," atasema, "Mimi sina habari, mwalimu. Tulikuwa maskini tu." Ndugu zangu, hiyo ndiyo habari yenyewe.

FEDHA ZILIKWENDA WAPI

Picha ya Angelus ina historia yake mwenyewe baada ya kuchorwa. Mtu aliyeiagiza kwanza, Mmarekani wa mji wa Boston, hakuja kuichukua. Mwaka 1860 iliuzwa kwa faranga 1,000. Baadaye ikapita mkono kwa mkono, na kila mara bei ilipanda. Mwaka 1889, miaka 14 baada ya kifo cha Millet, iliuzwa mnadani mjini Paris kwa faranga 553,000. Wafaransa walishangilia, maana waliotaka ibaki Ufaransa walishinda katika mnada. Lakini serikali haikuweza kulipa, na picha ikapelekwa Marekani. Mwaka uliofuata tajiri mmoja wa Paris, Alfred Chauchard, mwenye duka kubwa, aliinunua kwa bei iliyozidi hata ile, akairudisha. Alipokufa mwaka 1909 aliiachia nchi yake.

Mjane wa Millet alikuwa hai wakati wa mnada ule. Katika fedha zile zote hakupata hata senti moja, kwa kuwa picha haikuwa mali yake tena, na sheria haikumtambua. Kisa hicho kilitajwa sana na watu waliotaka sheria ibadilishwe. Mwaka 1920 Ufaransa ilitoa sheria mpya: picha ikiuzwa tena, mchoraji au warithi wake wapewe sehemu ya bei. Nchi nyingine nyingi zimefuata sheria ya namna hiyo.

MTOTO MWINGINE, KUMBUKUMBU NYINGINE

Sasa sikilizeni kisa cha mtu mwingine aliyeitazama picha ile ile. Jina lake Salvador Dalí. Alizaliwa mwaka 1904 katika mji wa Figueres, nchi ya Hispania, naye baadaye akawa mchoraji mashuhuri sana. Shuleni kwake ilitundikwa nakala ya Angelus. Kila siku mtoto huyu aliiona, na kila alipoiona alipata huzuni na hofu asiyoweza kuieleza.

Alipokuwa mtu mzima alisema kwamba, kwa maoni yake, watu wale wawili hawasali kwa ajili ya kengele. Aliamini wanamlilia mtoto wao aliyekufa, na kwamba mahali pa kikapu pangekuwa na jeneza. Aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, kikatolewa mwaka 1963. Wataalamu wa makumbusho ya Louvre waliipima picha kwa eksirei, na chini ya rangi, karibu na kikapu, walikuta umbo jeusi kama sanduku. Dalí alifurahi. Aliona kwamba amethibitishwa. Wengine hawakukubali, maana umbo kama hilo laweza kuwa mchoro wa kwanza tu ambao mchoraji aliufunika.

Kwa nini Dalí aliona mtoto aliyekufa? Jibu moja liko katika utoto wake. Kabla yeye hajazaliwa, wazazi wake walikuwa na mtoto mwingine wa kiume, naye alifariki mwaka 1903, hajatimiza hata miaka miwili. Jina la mtoto yule lilikuwa Salvador. Dalí alipewa jina lile lile. Alikua katika nyumba yenye msiba ambao hakuushuhudia.

Basi picha ni moja. Millet aliona bibi yake, Dalí aliona mtoto aliyekufa, mimi niliona dungu la Rufiji. Je, sote tuna haki? Kwa upande wa moyo, ndiyo. Moyo wa mtu haupigiwi kura. Lakini kwa upande wa historia, hapana. Mtu wa historia hana budi kuuliza maswali matatu.

La kwanza: Nani anasema, naye alikuwapo? Millet alikuwapo shambani na bibi yake. Dalí hakuwapo, wala mimi sikuwapo. Kwa hiyo juu ya asili ya picha ushahidi wa Millet una uzito kuliko wetu. Maneno ya Dalí ni ushahidi mzuri juu ya utoto wa Dalí.

La pili: Alisema lini? Millet alieleza mwaka 1865, miaka mingi baada ya utoto wake. Kumbukumbu hukaa, lakini pia hubadilika. Shamba lililomo katika picha linafanana na mashamba ya karibu na Barbizon, mahali alipoishi akiwa mkubwa. Alichukua jambo la Gruchy akalipanda katika udongo wa Barbizon.

La tatu: Nani hayumo? Bibi hayumo katika picha, wala watoto. Wamebaki wawili tu. Mtu akikusimulia mambo ya zamani, sikiliza aliowataja, kisha uliza juu ya wale asiowataja.

MCHORAJI WA KWETU

Tusidhani kwamba kazi hii ni ya Wazungu tu. Katika Afrika Mashariki pia wamekuwapo wachoraji waliochora utoto wao, na mmoja wao alikuwa Sam Ntiro.

Sam Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, katika miteremko ya Kilimanjaro. Alisoma Makerere, nchini Uganda, ambako mwalimu wake wa uchoraji alikuwa Bibi Margaret Trowell. Mwalimu huyo alikuwa na njia yake ya kufundisha. Aliwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, kisha akawataka wachore waliyoyaona akilini mwao. Mnaona? Ni kama tulivyofanya sisi leo kwa redio. Baadaye Ntiro alikwenda kusoma London, akarudi kufundisha Makerere.

Alikuwa amesoma katika miji mikubwa, lakini hakuchora mitaa ya London. Alichora Wachagga wa utoto wake: watu shambani, migomba, mlima, kazi zinazofanywa kwa pamoja. Mwaka 1956 alichora picha ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Wanaume Wakipeleka Pombe ya Ndizi kwa Bibi Arusi Usiku. Kila Mchagga asikiaye jina hilo atajua kwamba ni mbege, na atakumbuka arusi za nyumbani. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, nchini Marekani. Mwaka uliofuata Tanganyika ilipata uhuru, na Ntiro alikwenda London kuwa balozi wa nchi yake. Alifariki mwaka 1993.

Fikirini jambo hilo. Safari ya wanaume waliobeba pombe usiku, jambo ambalo mtoto wa Machame aliliona bila kulipia hata senti, sasa limehifadhiwa ng'ambo ya bahari pamoja na kazi za wachoraji wakubwa wa dunia. Ntiro hakungoja mgeni aje kuwachora watu wake. Aliwachora mwenyewe, kwa sababu aliwakumbuka.

MAJINA TISA

Sasa narudi kwa bibi yangu, nami nitamaliza.

Niliwaambia kwamba katika dua yake ya jioni aliwataja wafu wake kwa majina. Walikuwa tisa. Idadi nailkumbuka vizuri, kwa sababu sisi watoto tulihesabu kwa vidole, tukijua kwamba jina la tisa likipita tutakula. Bibi hakujua kusoma wala kuandika. Majina yale aliyahifadhi kwa kuyataja kila siku, kama mtu atunzaye moto kwa kuuongezea kuni.

Bibi alipofariki mimi nilikuwa shule. Sikuwa nimeandika hata jina moja. Nilijua kuandika, nilikuwa na daftari, nilikuwa na kalamu, lakini katika daftari niliandika majina ya wafalme wa nchi za mbali, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyoulizwa katika mtihani. Siku nilipoiona picha ya Millet nilijaribu kukumbuka. Nikapata manne. Nilipokwenda likizo nilimwuliza mama, naye akanipa mengine mawili. Jina moja sote twakumbuka kwamba lilianza na Mwana, lakini lilivyoendelea hatujui. Majina mawili yamepotea kabisa.

Watu wale walizaliwa, walilima bonde lile lile, walikula mpunga ule ule. Mahali pao pa mwisho duniani palikuwa ulimi wa bibi yangu, nami nilikuwa nimekaa karibu naye, natazama chungu.

Basi sasa tunaweza kujibu swali la mwanzo. Mambo ya utoto wa mtu wa shamba ni historia, ikiwa kuna mtu atakayeyashika. Millet aliyashika kwa rangi. Ntiro aliyashika kwa rangi. Sisi hatukujifunza rangi, lakini ninyi mmejifunza herufi. Mwaka jana baadhi yenu mlitia dole gumba mahali pa sahihi. Leo mnaweza kuandika jina la marehemu mama yenu likasomeka na mjukuu ambaye hajazaliwa.

Kengele ya jioni ikilia, watu huacha kazi kidogo, kisha huendelea. Nawaombeni usiku wa leo muache kazi kidogo. Kama yupo mzee nyumbani, kaeni naye. Muulizeni majina.



MANENO YA SOMO

Maonyesho: mahali vitu vinapowekwa ili watu waje kuvitazama.
Masazo: mabaki, hapa ni masuke yaliyoachwa shambani baada ya mavuno.
Mnada: kuuza kitu kwa kushindanisha wanunuzi, anayetaja bei kubwa ndiye apataye.
Mjane: mwanamke aliyefiwa na mumewe.
Nakala: kitu kilichofanywa kwa kuigiza kingine.
Ushahidi: maneno au vitu vinavyoonyesha kwamba jambo ni kweli.

MASWALI

1. Watu wawili katika picha ya Angelus walikuwa wakifanya kazi gani kabla ya kusali? Umejuaje?
2. Millet alimkumbuka nani alipoichora picha hiyo? Alieleza hayo mwaka gani?
3. Kwa nini baadhi ya matajiri wa Paris hawakuipenda picha ya wanawake waokota masazo?
4. Picha iliuzwa kwa faranga 1,000 mwaka 1860, na kwa faranga 553,000 mwaka 1889. Bei ilizidi kwa faranga ngapi? Mjane alipata ngapi?
5. Taja maswali matatu ambayo mtu wa historia huyauliza.
6. Sam Ntiro alichora mambo ya mahali gani, naye alikuwa amesoma wapi?

KAZI YA KUANDIKA

Fumba macho, ukumbuke jioni moja ya utoto wako. Andika mistari kumi. Sema mlikuwa wapi, nani alikuwapo, kila mtu alishika nini mkononi, na sauti gani ilisikika. Usiandike kwamba mlikuwa na furaha au huzuni. Andika vitu, na msomaji ataona mwenyewe. Mwishoni andika majina ya wazee wako waliofariki, kadiri unavyoyajua. Kama jina moja hulijui, acha mstari mtupu, ukamwulize anayelijua.